Safi Sana, Mwanangu

Mwanangu alinizima Jumamosi moja, saa tisa alasiri, kwa kidole gumba.

Nilikuwa nimewahi kurudi kutoka kiwandani. Umeme ulikatika, msimamizi akatuambia tujiendee. Nilimkuta amekaa mkekani, ameupa mlango mgongo, anapanga vifuniko vya chupa. Nikachuchumaa mbele yake. "Chiriku wangu, mama amerudi."

Hakunitazama usoni. Alitazama mfuko wa gauni langu, kisha rafu, kisha chini ya mto, kama mtu anayetafuta redio inakolia. Alipokosa, alinisogelea, akaweka gumba kwenye mdomo wangu wa chini na kulitelezesha upande wa kulia, taratibu, kama watu wanavyofunga ukurasa wa simu. Halafu akarudi kwenye vifuniko vyake.

Nami nikanyamaza. Mpaka leo sijui kwa nini nilimtii.

Chiriku ni jina alilopewa na wifi yangu, kwa sababu alipoanza kusema hakuna mwingine aliyepata nafasi. Ana miaka minne. Baba yake yuko kazini mbali, tunamwona kila baada ya miezi miwili. Wifi ndiye anayeshinda na mtoto. Mimi nashona kola, kola tu, shati lenyewe silioni, na jioni nne kwa wiki napitiliza darasani; nyingine, hata Jumapili, nafanya zamu ya ziada. Nikitoka asubuhi amelala, nikirudi amelala.

Ndiyo maana nilirekodi. Mwalimu wetu wa jioni, kwenye somo la malezi, aliandika ubaoni kwamba mtoto hukuzwa na mazungumzo, na mzazi akishauliza anyamaze kidogo ili mtoto ajibu. Nikayanakili maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari mara mbili. Kesho yake, mapumziko yakikaribia kwisha na wenzangu washaanza kushona, niliinamia simu yangu ya zamani nikasema:

"Chiriku, umeamkaje?" Nikahesabu moyoni mpaka tano. "Safi sana, mwanangu. Umekula?" Tano tena. "Safi sana. Na leo umefanya nini?" Hapo nilihesabu mpaka ishirini, maana nilijua jibu lake litakuwa refu. "Safi sana, mwanangu. Mama anakupenda."

Nilijiona mwerevu. Simu ile nikaiacha nyumbani, wifi akawa anaibonyeza asubuhi, mchana na jioni, kama dozi ya dawa. Kwa miezi mitano.

Jumamosi ile wifi alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji. "Kumbe umeme ukikatika ndiyo tunakuona. Basi wakate kila siku."

"Wifi, mtoto amenizima."

"Amekuzimaje?"

Nikamwonyesha. Alicheka, kisha kicheko kikamwishia katikati. "Mimi hawezi. Mimi sina kitufe."

"Hivi nikiwa sipo, ananiita nani?"

Akajifuta mikono pole pole. "Usije ukakasirika."

"Sema tu."

"Anakuita yule wa kulala. Asubuhi huniambia, 'Shangazi, yule wa kulala ameondoka.'"

"Na mama ni nani?"

Wifi alinyoosha kidevu kuelekea rafuni. Simu ya zamani ilikuwa imelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, imefunikwa kingine mpaka chini kidogo ya kamera, kama mgonjwa aliyefunikwa akaachiwa uso. Kando yake palikuwa na kipande cha mkate, kimemegwa vizuri, kimekauka.

Niliichukua. Nikaizima, nikaizima na yangu, zote mbili nikazifungia kabatini na kumpa wifi ufunguo.

"Atalia mpaka majirani waje," alisema.

Hakulia. Alisimama mbele ya rafu tupu, akavikunja vile vitambaa vizuri, akaenda kukaa. Afadhali angelia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, kiwandani umeme ulikuwa bado haujarudi, na mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikaa mkekani tangu chai, nikijishonea kifungo ili mikono isikae bure. Sikumsemesha, niliogopa gumba lile. Ilipokaribia adhuhuri, saa ya dozi yake ya mchana, akaja akakaa mbele yangu, akakunja miguu kama ninavyoikunja mimi. Akafungua mdomo.

"Chiriku, umeamkaje?"

Sindano ilinichoma na sikuisikia. Ile ilikuwa sauti yangu. Sisemi aliniiga kama watoto wanavyoiga. Palikuwa na uchovu wangu mwishoni mwa neno, na pumzi yangu. Kisha akanyamaza, na ndani ya ule ukimya, midomo ikiwa imefumba, kooni mwake zikaunguruma mashine za wenzangu, kwa mbali, zikianza na kusita.

Nikaelewa kwamba nafasi ile ya kujibu ilikuwa yangu.

"Sijaamka vizuri," nikasema. "Nimeota vibaya."

"Safi sana, mwanangu. Umekula?"

"Sijala. Sina hamu."

"Safi sana. Na leo umefanya nini?"

"Nimekusubiri wewe, mama. Naogopa hunijui tena."

Alingoja. Nilimwona akingoja, macho kwenye ukuta, mashine zikiendelea kooni, mpaka ishirini zikatimia. "Safi sana, mwanangu. Mama anakupenda."

Wifi alikuwa mlangoni, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Wifi," nikamwambia, "siku zote nilikuwa namjibu hivi?"

"Ulikuwa unamjibu hivyo." Sauti yake haikuwa na utani. "Mwezi wa kwanza alikuwa anakueleza kila kitu. Siku moja mlango ulimbana kidole, kikavimba, akaikimbilia simu akakwambia. Ukamjibu safi sana. Nikasema moyoni, nikikwambia nitakuumiza bure. Tangu siku hiyo akawa anasikiliza tu."

Nilimgeukia mtoto. Alikuwa anarudi mwanzo, midomo ikiandaa "Chiriku". Nikamwahi.

"Ni kidole kipi?"

Mashine zikasimama.

Aliinua mkono wake, gumba likaja usoni kwangu. Likatua kwenye mdomo wangu wa chini. Sikurudi nyuma wala sikunyamaza. "Kile kilichobanwa na mlango. Mama hakusikia. Sasa nasikia. Ni kipi?"

Nilihesabu, ni tabia. Ilifika ishirini, ikapita. Mvua ilipiga bati. Gumba lilikuwa pale pale, halikuenda kulia wala kushoto, na mimi sikuwa na neno jingine la kumpa ila lile swali. Kisha macho yake yakapanda kutoka mdomoni mwangu, pole pole, yakafika machoni. Yakakaa.

"Hiki," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, yenye kutu kidogo. Akanyoosha kidole kidogo cha kushoto. Ukucha ulikuwa umeota upya, umepinda.

"Kiliuma sana?"

"Kiliuma sana. Damu ikatoka. Shangazi akaweka maji ya baridi, halafu nikalia, halafu paka wa jirani akaja..."

Wifi alirudi jikoni akipenga kamasi. Nilikishika kile kidole kwa mikono miwili, naye akaendelea na habari za paka, akaruka kwenye vifuniko, akarudi kwa paka. Katikati akasita na kunisogelea sikioni.

"Na yule wa kabatini, tumwambie? Yeye hajui kama kimepona."

"Hapana," nikamwambia. "Niambie mimi. Halafu yule paka akafanyaje?"