Sweta za Kijana

Siku Mama Sweta alipomwona nondo akitambaa kwenye pazia, alijua ametoka wapi. Akaingia chumba cha mwanawe, akalifungua sanduku la bati.

Mumewe, Fundi, hakutaka liguswe. Kijana wao alitoka asubuhi moja kwenda kibaruani asirudi. Wakazunguka vituo vya polisi, hospitali na vyumba vya maiti bila kupata hata kiatu chake. Mwaka wa nne sasa, na Fundi alikuwa na amri moja tu humo ndani: vitu vya mtoto vikae vile vile alivyoviacha.

Nondo hawakuambiwa. Mama Sweta aliinua sweta ya kijani, mkono wake mmoja uliolika ukabaki sandukuni. Ya shule ilikuwa matundu matupu. Zote alizifuma yeye, kama alivyowafumia watoto wa nusu ya mtaa ule mpaka jina likamganda. Akakaa sakafuni akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kilichomshangaza ni naftalini, vile vidonge vya kufukuza nondo. Alizipanga kwa mkono wake mwenyewe, na sasa haikuwepo hata moja.

Hakumwambia mumewe. Fundi alishinda kibandani akitengeneza redio za watu, na huko nyuma yeye akaanza kufumua. Palipoliwa alikata, palipo pazima akakunja donge. Uzi wa kufumuliwa hujipinda kama nywele zilizotoka kusukwa, haufumiki; kwa hiyo aliufua, akauanika umefungiwa mawe chini uvutike na kunyooka. Kisha akashika sindano ya kroshia. Alifuma vipande vya mraba, vipana kama kiganja, akianzia katikati na kuzunguka: buluu ya shule, kijani, halafu damu ya mzee. Akavihesabu mpaka vikatosha blanketi. Mikono ilipokwenda, moyo nao ulitulia kidogo, akajikuta anaongea na mwanawe.

"Hii uliichana kwenye seng'enge, nikakuchapa. Unakumbuka?"

Siku moja umeme ulikatika, Fundi akarudi mapema. Alimkuta ametandaza vipande kitandani, anaviunga.

"Unafuma nini?"

"Blanketi."

Fundi akaokota kipande, akakigeuza. "Hii ni ya mtoto."

"Nondo waliingia, mume wangu. Ningeziacha tungebaki na vumbi."

"Akirudi atavaa nini?"

"Akirudi nitamfumia nyingine."

Fundi alikiweka kile kipande puani, akakaa nacho hivyo kitambo.

"Umezifua," alisema.

"Uzi wa kufumuliwa lazima ufuliwe, la sivyo..."

"Umezifua."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda. Ndipo alipomweleza, akiangalia sakafu. Kila mkewe alipokwenda sokoni, yeye alifunga kibanda, akaja kulifungua sanduku na kuzamisha uso ndani ya zile sweta. Jasho la kijana lilikuwa bado lipo, shingoni na makwapani.

"Naftalini ilikuwa inalifunika," alisema. "Nikazitupa chooni."

"Ni wewe uliyezitoa?"

"Ni mimi."

Wakatazamana. Mama Sweta alikuwa na neno mdomoni, na alimwona mumewe naye ana lake. Hakuna aliyelitoa. Haukuwa upole; walikuwa wamechoka tu.

Ilibaki sweta moja, ya kijivu, ya kibaruani, imefumuliwa mpaka kifuani na bado haijafuliwa. Fundi aliukata uzi kwa meno, akaikunja, akaiweka kwapani.

"Hii usiiguse," alisema.

Blanketi Mama Sweta alilimaliza bila uzi wa kijivu. Lilitoka zito, zuri, la kuwatosha watu wawili. Alilitandika kitandani kwao, lakini Fundi alilala juu ya shuka tupu upande wa ukutani, na siku ya pili vivyo hivyo, mpaka Mama Sweta akalibeba akahamia nalo chumba cha kijana. Hakuna aliyemwomba mwenzake arudi.

Kukicha husimama mlangoni kwa mumewe.

"Umeamkaje?"

"Salama. Na wewe?"

"Salama."

Fundi anapokwenda kunawa, yeye huingia kutandika. Huinua mto, hukung'uta vipande vya uzi wa kijivu vilivyokatikia kwenye shuka, na ile sweta ambayo Fundi hulala nayo, iliyofumuka ikabaki kola na bega moja, huirudisha taratibu pale pale alipoikuta. Kisha huenda kubandika chai.