Hoho Zisizofutwa

Siku ya tisa ya jaribio nilifunua kreti yangu. Pilipili hoho nne za juu zilikuwa zimeota ukungu wa kijivu kwenye vikonyo. Kreti ya pili, ambayo hoho zake sikuzipaka kitu, ilikuwa na hoho moja tu iliyooza.

Shangazi, mwenye banda hili la kufungashia mboga, alikuwa amenipa siku kumi. Kama utando wangu wa ute wa mshubiri na nta ya nyuki ungezuia ukungu, tungeachana na dawa ya ukungu tunayokoroga ndooni. Usingezuia, ndoo ya dawa ingerudi mezani kesho, na mikono ya Mama Kioo ingerudi ndani yake.

Mama Kioo ndiye mfutaji wetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu hoho ikitoka kwenye kitambaa chake unaweza kujitazama usoni. Dawa ilikuwa imempasua viganja mpaka anashika kikombe cha chai kwa ncha za vidole. Nilianza kuchemsha mshubiri kwa ajili ya viganja hivyo. Sikuwahi kumwambia, maneno ya namna hiyo yakinifika mdomoni hugeuza njia.

Nilifunika kreti, nikakagua kazi yangu mwenyewe kama tulivyofundishwa chuoni. Vipimo vilikuwa sawa, ndoo safi, waya wa kukaushia mkavu. Kisha nikaifunua tena, nikapitisha kidole kwenye mojawapo ya zile nne zilizooza. Utando wangu ukikauka hufifisha rangi, na kidole hunata kidogo. Hii iliteleza na kung'aa kama sahani.

Mtu alikuwa ameifuta.

"Mtaalamu, mbona umenuna?" Mama Kioo aliniuliza kutoka kwenye stuli yake. "Mchumba kakimbia, au hoho zako zimekuangusha?"

Shangazi alicheka. Mimi nilijiuliza amejuaje. Nilikuwa sijamwonyesha mtu kreti ile.

Ndipo nilipofikiria jambo ambalo nilipaswa kulifikiria mapema: hoho iliyopakwa utando haifutwi. Kazi yangu ikifaulu, mfutaji angefuta nini?

Siku nzima nilimtazama kwa jicho la pembeni. Alikwenda kunywa maji mara mbili, na mara ya pili akapitia stoo nilimoweka kreti zangu, ingawa haiko njiani. Alipotoka kwenda kula nilinusa kitambaa chake kilichobaki juu ya stuli. Kilikuwa kibichi, kina madoa ya kijivu, na kilinuka uchungu wa mshubiri. Niliona aibu, kama mtu aliyepekua mkoba wa mama yake. Lakini nilikinusa tena.

Kesho yake niliwahi kuliko wote, nikajibanza stoo nyuma ya kreti tupu.

Mama Kioo aliingia, hata begi hakuliweka chini. Akachukua hoho ya kwanza, akaipulizia pumzi, akaifuta, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Leo mnatazamwa," aliziambia. "Msimwaibishe mtoto wa watu."

Mpaka leo sina hakika kama hakuwa ameshaziona ndala zangu chini ya kreti.

Nilijitokeza. "Mama, unafanya nini?"

Aliruka. "Ah! Unataka kuniua? Nakusaidia. Hoho zimefifia kama macho ya mgonjwa, nimwache Shangazi yako azione hivyo?"

"Tangu lini?"

"Tangu ulipozileta. Kila asubuhi. Ila za juu tu, mwanangu. Za chini mgongo haukubali."

Za chini! Niliiinamisha kreti nikazimwaga hoho zote sakafuni, nikazitenga mafungu mawili, za juu na za chini. Za chini zilikuwa zimefifia, zinanata kidogo, vikonyo vya kijani. Hakukuwa na ukungu hata kwenye moja. Kitambaa kile kilichofuta hoho mbovu za banda zima kilikuwa kikiondoa utando wangu na kupanda ukungu mahali pake.

"Kulikoni? Mmefungua mnada?" Shangazi alikuwa mlangoni. Alitazama fungu moja, akatazama la pili. "Hizi nzima, hizi zimeoza. Nani kazigusa?"

Mama Kioo aliangalia viganja vyake. Shangazi aliwahi kumfukuza mpakizi kwa kuonja nyanya.

"Zilizooza zimefutwa, Shangazi," nilisema. "Sikumwambia mtu kwamba hazifutwi. Kosa ni langu."

"Nimeuliza nani kazifuta."

"Kosa ni langu."

Alinitazama, akakitazama kitambaa. Banda zima lina mfutaji mmoja.

"Haya," alisema mwishowe. "Siku kumi nyingine. Ndoo ya dawa ikae nje. Na nikiona tena hoho inang'aa kwenye kreti hiyo, tutaelewana."

Alipoondoka, Mama Kioo aliketi.

"Sasa zisipofutwa, mimi nitafanya nini?"

Lilikuwa swali lile lile lililonifanya nimshuku. Nilimwekea mbele bakuli la utando na kitambaa kipya.

"Utapaka."

Alilinusa bakuli, akakunja pua. Kisha akatumbukiza mkono wenye nyufa, akasubiri utando umchome. Haukumchoma. Aliuacha mkono humo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Alipaka hoho ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga. Mkono wake wa pili ukaingia wenyewe mfukoni mwa aproni kutafuta kitambaa cha zamani.

Nilikuwa nimeshakichukua.