Harusi Isiyotaka Maji

Jana mchana, nilipojinyoosha mkekani, niliota dumu la mafuta ya alizeti limepiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu ukae." Nikaenda kuchota kikombe cha maji, maana kwetu mgeni hupokewa kwa maji.

Dumu likarudi nyuma hatua tatu. "Ndiyo hayo hayo yaliyotumaliza mara mbili!"

Mjukuu wangu Tabita anatengeneza dizeli kwa mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi, akiyachanganya na spiriti na kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, ili mashine ya kusaga ya kijiji iamke. Mara mbili imemharibikia, ikawa uji wa sabuni. Sasa amebakiwa na mafuta ya kujaribu mara moja tu, na wanawake bado wanavuka bonde na ndoo za mahindi kichwani.

"Madumu anaosha nani?" likauliza.

"Mimi. Nayasuuza, nimpunguzie mtoto kazi."

"Na kuyakausha?"

Nikakitazama kikombe cha maji mkononi.

"Hukufanya kwa ubaya," likasema kwa upole. "Twende harusini."

Ghafla chumbani ni ndani ya pipa, nami nimekaa upande wa mabibi harusi. Mama yao anaitwa Glisirini, kama ile tunayojipaka ngozi ikikauka. Ana mikono mitatu, na kila mkono umeshika binti. Mabinti wananukia chipsi, hakuna anayejali. Mabwana harusi watatu, wote wa ukoo wa Spiriti, wamesimama mlangoni, wembamba, hawatulii. Mshenga ni mzee Kostiki, mweupe pepe. Anafungisha ndoa zote tatu kisha anarudi kwake kama alivyokuja, hata soda hanywi.

"Sharti ni moja," anatangaza. "Maji hapana. Nikiona maji nasahau ndoa, naanza kufua."

"Na jasho?" nauliza, maana humo ndani joto ni la chai.

"Jasho ni maji, bibi. Na machozi pia. Wewe nakujua."

"Unanijulia wapi?"

"Nimefua kwako mara mbili."

Glisirini anaachia mkono wa kwanza. Binti anakwenda. Anaachia wa pili. Wa tatu anang'ang'ania.

"Nenda, mwanangu," anamwambia. "Wewe ndiye wa kuamsha mashine. Mimi siwezi, ni mzito."

Machozi yananilengalenga. Nang'ata pindo la kanga. Chozi moja tu likidondoka, Tabita amekwisha. Glisirini ananiona. Anasogea, anakishika kisigino changu cha kushoto, anakisugua taratibu mpaka kilio kinapita. Ameoza watoto watatu kwa siku moja, na bado ananihudumia mimi.

Binti wa tatu anaachia. Wote watatu na waume zao wanapanda juu, wepesi, rangi ya asali. Mama yao anashuka chini, anakaa, anashusha pumzi. Kwa mbali nasikia mashine ikikohoa, kisha ikinguruma.

"Bibi!"

Tabita alikuwa mlangoni, dumu tupu mkononi. "Nataka kupika sasa hivi. Hili umeshanisuuzia?"

"Usilitie maji! Lianike juani, mdomo chini, lisibaki hata tone. Hayo maji yangu ndiyo yaliyokuharibia, mama. Unisamehe."

Aliligeuza dumu, akachungulia ndani. Halafu akacheka, akanibusu paji la uso. "Maji! Jamani, bibi, nani kakwambia?"

Akatoka mbio kuelekea kwenye jua. Nilivuta kanga nisimame nimfuate, nikaiona miguu yangu. Kisigino cha kulia kilikuwa na nyufa zake zote za miaka sabini. Cha kushoto kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.