Mfalme Mwenye Adha

Taji lilimshuka Nukta hadi puani, na bado mwalimu wa Kiswahili alimtazama kwa macho ya mtu aliyeokota dhahabu njiani. Nyuma ya ukumbi, Mlingoti alijikuna shingo kwa hasira tukufu. Katika kila mchezo wa kufunga muhula, kiti cha mfalme kilikuwa chake, kwa haki ya urefu na nywele tatu za kidevuni. Sasa alikuwa amefanywa mpiga mbiu: atangulie jukwaani, atamke sentensi moja, kisha asimame kando kama nguzo ya umeme.

Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Simameni, anaingia mfalme mwenye adhama."

Mlingoti aliuliza, kwa upole wa kutengeneza, adhama ni kitu gani hasa, maana kama ni ukubwa, basi kuna watu walionyimwa haki yao.

"Ni ukuu wa kifalme," mwalimu alisema. "Mtu akiwa nao, watu hujipanga kabla hajawaamuru."

"Na mimi nina nini, mwalimu?"

"Wewe una kimo."

Bweni zima lilikipokea kimo kile kwa shangwe. Wivu ukamkaa Mlingoti kama mwiba wa samaki kooni, hautemeki wala haumezeki. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Nukta alilala kitanda cha chini yake, na kila jioni alimwomba amsikilize akikariri. Tena, kwa bahati mbaya, alikuwa mzuri.

Kamusi ndiyo iliyomponza Mlingoti. Alipokuwa akiitafuta adhama, jicho liliangukia neno la juu yake kidogo: adha. Usumbufu, kero. Silabi moja tu ilitenganisha mfalme na kero, na silabi huanguka. Nani atamshtaki mtu kwa ulimi ulioteleza?

Siku ilipofika, nyuma ya pazia, Nukta alimshika mkono. Kiganja chake kilikuwa kimelowa.

"Kaka, baba amekuja. Hajawahi kuja shuleni. Wewe nitangaze vizuri tu, mengine nitayamudu."

Mlingoti akamwambia asijali, akatoka jukwaani, akaikunjua sauti yake yote.

"Simameni! Anaingia mfalme mwenye adha!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata walimu waliziba midomo. Nukta akatokea katikati ya kicheko hicho, akasimama. Hakumtazama mpiga mbiu. Alingoja tu, kama mwenye nyumba anayengoja wageni wamalize kukohoa. Kicheko kikapungua, kikafa. Mstari wa mbele ukasimama, kisha wa nyuma yake, hadi ukumbi mzima ukawa wima, na baba yake Nukta miongoni mwao.

Wivu wa Mlingoti ulibadilika ladha. Hakukitaka tena kiti. Alitaka kujua kitu kile huhifadhiwa wapi mwilini.

Nukta akapanda, akaketi. Miguu yake ikaning'inia hewani, na mtu mmoja nyuma akaanza kuchekea puani. Kabla hajapata wenzake, Mlingoti alipiga magoti, jambo lisilokuwamo kabisa katika mchezo, akauinamisha mgongo wake mrefu chini ya nyayo za mfalme.

Hapo ndipo alipozihisi. Zilikuwa zikitetemeka mgongoni mwake, bila kukoma, huku juu sauti ikianza kunena, tulivu, pasipo mkwaruzo.