Tonge la Mwenyeji

Fukusi walipasuka chini ya jiwe. Salvina aliwasikia kabla ya kuwaona, kisha unga ukatoka na madoa ya kahawia. Akausogeza kwa kiganja, akamimina konzi nyingine ya mtama. Mtama wenyewe ulikuwa umeshikana mabonge kwa ukungu wa kijani. Alipouvunja, harufu ya mkojo wa panya ikampanda puani. Aligeuza uso, akatema mate majivuni, akaendelea kusaga.

"Leo si huo, binti."

Bujiku, mwanangwa, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na mtemi, alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake mtu alitua debe lenye kifuniko.

Salvina alipiga magoti. "Shikamoo, Mwanangwa."

"Marahaba. Humu mna sembe. Bwana Shauri wa serikali anakuja kukuvika nishani kwa kuwalisha wazee wetu, nami sitaki aibu. Pika hii. Itakayobaki irudi kwangu kabla jua halijazama."

"Na kesho, Mwanangwa?"

"Kesho si mtama upo?" Akacheka. Alikuwa amekula nyama asubuhi ile; mafuta yalimeta midomoni. Alimgusa Salvina kidevu, akaondoka, na ule utelezi wa vidole vyake ukabaki. Salvina alijifuta kwa pindo la kaniki mpaka ngozi ikawasha.

Kila mavuno, kila nyumba ya Nyarugusu ilipeleka kikapu cha mtama kwenye ghala la mtemi, ili wasiojiweza wasife njaa: vipofu, wajane wasio na watoto, na wachimbaji ambao vumbi la mwamba lilikuwa limewala vifua. Ufunguo alikuwa nao Bujiku. Mtama mzuri ulikwenda machimboni, kwenye vyungu vya wapika pombe. Makombo ya sakafuni ndiyo yaliyofika kwenye banda walimolala wasiojiweza hao, ambako Salvina alipika. Watu walijua. Walipopita karibu na banda waliziba pua, wakasema, "Maskini, wazee wananuka."

Salvina alikuja machimboni akiwa msichana, akimfuata baba yake, Donatus, kutoka Ushirombo. Shule aliiachia darasa la pili. Donatus alichimba dhahabu mpaka akaanza kukohoa damu, akaletwa bandani pamoja na wenzake, na binti akabaki kumpikia. Siku yake ya mwisho aligeuzageuza tonge mdomoni. Kumeza hakuweza. Kutema hakutaka, kwa sababu mpishi alikuwa mwanawe. Alipokata roho, Salvina alilitoa lile tonge shavuni kwa kidole chake. Lilikuwa la kijani.

Tangu hapo aliendelea kupika. Kusema hakuweza, mbele za watu maneno yalimganda kooni, akabaki kuvuta pindo la nguo. Tena alijua kwamba akifukuzwa, hakuna mwingine ambaye angekubali kulishika lile jiwe.

Alilitazama debe. Akafungua kifuniko: unga mweupe, mkavu, haukunuka kitu. Alikifunga tena, akalisukuma debe nyuma ya kuni, akarudi kwenye mtama wake.

Adhuhuri uwanja wa baraza ulijaa. Wazee wa bandani walikuwa wameogeshwa na kuketishwa mstari mmoja juu ya mikeka mipya, mikeka ambayo Bujiku alikuwa amewakataza wasiilalie. Bwana Shauri alikuwa kijana wa Kizungu mwenye shingo iliyoiva kwa jua. Telesphori, karani wake, alisimama ubavuni kumsaidia pale Kiswahili kilipomwishia.

Bujiku alihutubia kwa muda mrefu. "Wazee hawa ni baba zangu na mama zangu. Mimi silali kama wao hawajashiba."

"Basi ndiyo maana una usingizi siku zote," alinong'ona Kalisti, mchimbaji wa zamani, kisha kikohozi kikamkunja. Wenzake walicheka chinichini.

Salvina aliitwa. Bwana Shauri alimbandika kifuani nishani ya shaba, akijihadhari asimchome. Watu wakapiga vigelegele. Bujiku aliweka kiganja begani kwa Salvina, kizito, chenye jasho.

"Unataka kusema neno?" Bwana Shauri aliuliza.

Salvina aliutazama mchanga. Bujiku akamjibia: "Ana haya, Bwana. Anasema wabeja, asante sana."

"Basi nionje chakula chake. Nimesikia sifa zake njia nzima."

Bujiku alitabasamu, akaashiria. Salvina alikwenda bandani, akarudi na sinia limefunikwa kwa ungo. Lakini hakulipeleka kwa mgeni. Huko, mgeni hali kabla mwenyeji hajala mbele yake, ajue kwamba chakula hakina dawa. Alipiga magoti mbele ya Bujiku, akafunua.

Harufu ilitoka kwanza. Ugali ulikuwa wa rangi ya tope, na vijibawa vya fukusi vilimeta juu yake.

"Mwenyeji aonje," alisema Salvina. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika mpaka kwa wazee mikekani.

Jicho la Bujiku lilimpitia kama kisu. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama yeye. Alikata tonge, akameza bila kutafuna. Koo lilipanda, likashuka. Machozi yakamlenga.

"Tamu," alisema.

Bwana Shauri alinyoosha mkono. Bujiku akalivuta sinia upesi. "La, Bwana! Kwetu mgeni hatangulii wazee. Wao washibe kwanza." Alipangusa paji la uso. Alijua gari la mgeni lingeondoka kabla wazee hawajamaliza.

Sahani za bati zikapita. Hakuna aliyekula. Kalisti alijikongoja na yake mpaka mbele ya Bujiku, akapiga goti kwa heshima zote.

"Mwanangwa, umesema ni tamu. Kula na mimi."

"Nimeshiba, mzee wangu."

"Kwa tonge moja? Nasi tumekuwa tukila kwako miaka yote! Utanidharau mbele ya mgeni?"

Watu walicheka. Bwana Shauri naye alicheka, akidhani ni mapenzi. Bujiku akala. Nyuma ya Kalisti alisimama kipofu Marcel, sahani mkononi, na baada yake mjane Paskalia. Bujiku alikula kwa Marcel. Alikula kwa Paskalia, akabaki ameziba mdomo kwa kiganja, mabega yakitikisika, na kitu cha kijani kikipenya katikati ya vidole vyake mpaka kwenye kanzu.

Bwana Shauri aliacha kucheka. Alimtazama Bujiku, kisha sinia.

"Telesphori, ni chakula gani hiki?"

Karani alitazama viatu vyake.

"Sijui, Bwana. Mimi sijawahi kukila."

Bibi Generoza, wa mwisho katika mstari, alikuwa amefika. Mikono yake miwili ilinyoosha sahani. Bujiku hakuipokea, alikuwa ameinama, akipumua kwa mdomo. Bibi hakuirudisha.

Bwana Shauri alianza kukunja mikono ya shati lake, mmoja, kisha mwingine, akiangaza macho kutafuta maji ya kunawa, ili naye aonje.

Salvina aliinuka. Alichukua birika, akamsogelea mgeni, nishani ikigongagonga kifuani, akamimina.