Kikohozi Nyuma ya Jiko

Paskalia alikuwa akianika michembe juu ya jiwe nyuma ya jiko, vile viazi vilivyokatwa vyembamba ili vikauke juani, mtoto wake alipokohoa kutoka ardhini. Kilikuwa kikohozi kikavu, kikifuatwa na mluzi mwembamba wa kifua. Kuku waliokuwa wakiparua pale walisogea kidogo, wakaendelea kuparua.

Mama Mayala, mkwe wake, alitoka na ungo, akasikiliza.

“Tangu lini?”

“Tangu asubuhi, mayu,” Paskalia alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Basi anika mbali kidogo. Vitaingia mchanga.”

Mtoto huyo alikuwa wa kiume. Alikuwa amezaliwa wiki iliyotangulia, kabla ya miezi yake kutimia, na hakulia. Katika kaya ile mtoto asiyelia hakuwekewa matanga. Wanawake walimzika wenyewe penye unyevu nyuma ya jiko, karibu na mtungi wa maji, na wanaume wakaendelea na shughuli zao.

Mwaka ule, 2021, kijijini kwao Bugarama palikuwa na ugonjwa ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyeutaja. Uliitwa mafua makali, ukaitwa kifua, ukaitwa changamoto ya kupumua. Mayala, mume wa Paskalia, alirudi nao kutoka duarani, kwenye shimo alikochimba dhahabu na wenzake. Alisema ni vumbi la karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Mwenye duara alikuwa akiwafukuza wanaokohoa ugonjwa, ila wanaokohoa vumbi aliwaacha, kwa hiyo vumbi likawafaa wote.

Mama Mayala hakuwa mvivu, hilo lazima lisemwe. Alichuma majani ya mwarobaini, ya mpera na mchaichai, akachemsha nyungu, akamketisha mwanawe kwenye kigoda. Kisha akamwita Paskalia, mwenye mimba ya miezi saba na mzima kabisa, akamketisha mkabala na mumewe, magoti yakigusana, akawafunika wote wawili kwa blanketi moja ili mvuke usipotee bure. Mayala alikohoa humo ndani mpaka nyungu ikapoa. Walifanya hivyo kila jioni. Mtu mwenye akili timamu angeona kinachofanyika, lakini akili timamu haikualikwa.

Haukupita muda, dagaa waliungua mbele ya Paskalia naye asisikie harufu. Homa ikaja, pumzi ikawa fupi, na mtoto aliyekuwa akimpiga mateke kila alipojilaza akatulia. Aliomba kwenda zahanati.

“Ukienda na kifua hicho watakutenga, na sisi tutasemwa,” alisema Mama Mayala. “Mtoto naye hulala.”

Mayala alikuwepo. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Paskalia alipofika zahanati hatimaye, muuguzi aitwaye Ritha aliweka kipembe cha kusikilizia juu ya tumbo lake, akasikiliza kwa muda mrefu, akakiondoa. Baada ya uzazi alimwonyesha kondo la nyuma. Lilikuwa gumu, limejaa mabaka meupe.

“Wajawazito wengi wanaupita ugonjwa huu salama, wao na watoto wao,” Ritha alisema kwa sauti ya chini. “Lakini wengine wanajifungua kabla ya wakati, na wengine unawaharibia kondo, mtoto anakosa hewa humo humo tumboni. Hukufanya kosa, mama.”

“Ugonjwa gani?”

Ritha alitazama mlangoni kwanza, akasema ni changamoto ya kupumua.

Kaya haikuhitaji maelezo hayo. Mama Mayala alikwishatangaza kwamba mtoto hufia tumboni mama anapotoka nje ya ndoa akiwa mjamzito. Kikao cha ukoo kiliitwa Jumamosi, cha kumrudisha Paskalia kwao Kishapu. Paskalia alitaka jambo moja tu: watu wale waseme mbele yake kwamba hakumuua mwanawe.

Ndiyo maana kikohozi kile kilimfariji. Alikijua vizuri, kwa kuwa alikuwa ameketi nacho chini ya blanketi. Mchana ule alikula kwa mara ya kwanza tangu ajifungue.

Jumamosi kikao kilikaa nyuma ya jiko kwa sababu palikuwa na kivuli. Maganga, baba mkubwa wa Mayala, alikuwa hajamaliza kusalimiwa, mtoto alipokohoa. Mayala, upande wa pili, akakohoa naye, kikavu, kisha mluzi. Vikohozi vilifanana hata mbwa akawa anageuza kichwa huku na huku.

“Anakohoa kama baba yake,” Maganga alisema. “Huyu ni wetu.”

Mama Mayala aliinamia kaburi, akasema, “Pole, mjukuu wangu,” kwa upole ambao Paskalia hakuwahi kuonjeshwa katika nyumba ile. Suala la kutoka nje ya ndoa likafutwa palepale. Hakuna aliyeomba radhi.

Paskalia alipiga magoti.

“Shikamoo, baba. Kama kikohozi ni cha baba yake, semeni basi mtoto alikipata wapi.”

“Marahaba. Ni vumbi.”

“Mtoto hajawahi kufika duarani, baba.”

“Baba yake amefika,” Maganga alisema, na wengine wakaitikia kwa vichwa.

Kisha wakaamua. Mtoto, kwa kuwa sasa imethibitika ni wa ukoo, angebaki. Mama, kwa kuwa alishindwa kumfikisha mtoto wa ukoo miezi yake, angeondoka. Aliomba konzi moja ya udongo wa pale. Waliona kwamba hiyo ingekuwa kumgawa mtoto.

“Nawachukia,” Paskalia aliwaambia, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. Wakamkumbusha achukue michembe yake.

Mwaka uliofuata Mayala alioa msichana wa Ushirombo aitwaye Salvina. Mtoto aliendelea kukohoa. Wageni walimpa pole wakishapiga hodi, na mtungi ulihamishwa kwa sababu maji yalikuwa yakitikisika. Salvina naye akashika mimba, tumbo likakua, na Mayala akarudi kutoka duarani na vumbi kifuani. Siku hiyo kikohozi cha nyuma ya jiko hakikupumzika kuanzia asubuhi.

“Anamwita baba yake,” alisema Mama Mayala, akaenda kuchuma majani.

Jioni aliweka vigoda viwili, akaleta nyungu ikitoa mvuke. Salvina aliuliza kwa adabu kama hakuna blanketi la pili. Mama Mayala alimjibu kwamba lipo, jipya, ila amemfunika nalo mjukuu wake huko nje asizidi kukohoa. Kisha akawafunika wote wawili, akazikandamiza pindo kwa miguu yake ili hewa isitoke.