Simba wa Sebuleni

Fundi cherehani alikuwa ameolewa na mpaka rangi, na bado kuta za nyumba yao zilikuwa zimebambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Majumba ya watu mumewe aliyapaka yakameta. Kwake alirudi na mikono michafu na maneno matamu. Mafundi wenzake walimwita Ahadi, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu.

Ilipokuja habari kwamba mama mkwe angekuja kuwatembelea, mke aliapa kuta hizo hazitamwaibisha. Pesa ya picha za dukani hakuwa nayo. Akachambua vitambaa vilivyobaki kwenye nguo za wateja, akavipatanisha rangi, akavishona na kuviwamba kwenye fremu za mabaki ya mbao aliyopewa na seremala jirani. Kazi ikatoka safi, mishono imenyooka, sebule ikapata uso.

Mumewe alivitazama huku akichokonoa meno. "Viraka hivyo? Kwani ukuta nao umechanika?"

"Lete chako basi, tukione."

"Nitaleta. Mwenye brashi humu ndani ni mimi. Nitachora simba, mama akiingia ashtuke!"

"Ukimaliza dirisha uliloniahidi tangu tuoane, chora na tembo."

Safari hii, kwa bahati mbaya, akatimiza. Alijifungia uani na kipande cha plaiwudi na rangi zilizobaki kwenye milango ya watu. Alipoitoa picha yake, mke aliketi chini kwa kicheko. Simba alikuwa na macho yaliyokaribiana kama vifungo vya shati, pua bapa, manyoya ya kahawia yaliyokusanyika kidevuni, na tabasamu la mtu aliyesahau jina lako. Mkia ulisimama pembeni, mnene, wima kama nguzo.

"Simba gani huyu? Hata mbuzi angemwamkia tu akapita zake."

"Sanaa huielewi wewe," mume alisema, akampigilia simba wake katikati ya ukuta. Vitambaa akavisukumia pembeni, karibu na mlango.

Mama mkwe akaingia na mkoba wake begani. Hata kuketi hakuketi. Aliinua macho ukutani, mkoba ukamponyoka.

"Jamani! Baba yenu!" Akashika kifua. "Mwanangu, umemchora marehemu!"

Mpaka rangi akachunguza sakafu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa.

"Ndiyo, mama," akajibu mwoga yule. "Nilimkumbuka."

Neno lilikuwa limeshamfika mkewe kwenye ncha ya ulimi, kali, la kumvua nguo mwanamume mbele ya mama yake. Lakini mama mkwe alishasogea ukutani, anazipapasa zile ndevu taratibu.

"Alikuwa akiikimbia kamera kama jini," alisema. "Hata siku ya kumzika hatukuwa na picha. Nimeanza kuisahau sura yake, wanangu." Kidole kikateleza hadi pembeni, kikasimama. "Na hii je?"

Mume akamgeukia mkewe kwa macho ya kuku aliyeshikwa miguu.

"Fimbo yake, mama," mke akasema.

"Fimbo!" Mama mkwe akacheka, machozi yanamtiririka. "Kweli kabisa, hakuwa akiiacha!"

Siku ya kuondoka aliibeba picha, ameizungushia shuka mpya ya mkwewe. Mlangoni akavitazama vile vitambaa kwa huruma. "Na hivi vya kufutia vyombo, mwanangu, mbona umevianika sebuleni?"

Mlango ulipofungwa, mke alimkabili mumewe. "Hebu niambie, bwana wee. Baba yako alikuwa na mkia?"

"Mama kaniambia shangazi naye anataka picha ya mumewe," Ahadi alijibu, kifua kimeshamvimba. "Nadhani nitaanza na chui."

Mke alivichukua vitambaa vyake, akavitundika katikati, akarudi nyuma kuvitazama. Mtaa mzima haukuwa na ukuta mzuri kama ule, na alilijua hilo. Lakini hakuna aliyewahi kusimama mbele ya mishono yake akalia, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali. Akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona kwa fujo, mishono akiipeleka kombo kwa makusudi.